Aliyeosha Mawe

Katika fomu ya makabidhiano niliyotia saini Ijumaa, mawe yetu yameandikwa chini ya vifaa vya ujenzi, katikati ya mabati mawili yenye kutu na toroli lisilo na gurudumu. Nilimwambia kijana aliyeijaza kwamba mawe yale yana uhai, ayahamishie kwenye ukurasa wa samaki. Alinitazama kwa ile huruma wanayopewa wastaafu, akasema fomu haina nafasi hiyo. Basi nimeona niandike mwenyewe, kwa ajili yenu mnaobaki hapa Mbale na wenzenu wa Jinja, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo hayakuingia kwenye fomu. La kwanza ni jinsi mawe yale yanavyoishi. La pili mtalikuta huko mbele, nimelikwepa miaka mingi na leo sitalikwepa.

Nilianza kazi Jinja, katika kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki, nikiwa tayari mama wa watoto watatu. Kabla ya hapo nilikuwa mfagiaji wa shule moja kule Mpumudde, na nilikuwa mfagiaji hodari, nalisema bila haya. Marehemu mama alitulea hivyo. Wiki moja kabla ya Iddi nyumba yetu yote ilitolewa nje, vitanda, mikeka, masufuria, hata tundu la kuku, kila kitu kikasuguliwa mpaka kikang'aa. Kituo kilipotafuta mtu wa kuosha matangi, mwalimu mkuu aliniandikia barua ya sentensi moja tu, kwamba mama huyu hawezi kuona uchafu akanyamaza. Sifa hiyo ndiyo iliyonipa kazi, na sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bwana Onyango, fundi wa pampu. Alikuwa Mkenya wa upande wa Busia, aliyekuja Jinja kufunga mashine moja kwa wiki mbili, kisha akasahau kurudi. Mtu mrefu, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi wa nyavu pale ilipovunjika. Alinionyesha matangi manne ya vifaranga vya ngege, ndio sato, akanionyesha mabomba na pampu, akanionyesha mahali pa kuweka viatu. Mwisho akanipeleka nyuma ya jengo, kwenye shimo la zege lenye kifuniko cha mbao kilichopakwa lami. Maji yote yaliyochafuliwa na samaki yaliingia shimoni upande mmoja, yakapita gizani katikati ya mawe madogo madogo, yakatoka upande wa pili na kurudi kwenye matangi. Nilitaka kukiinua kile kifuniko. Akaweka mguu juu yake.

"Kuna watu wanakula huko ndani," alisema. "Na hakuna mtu hupenda kufunguliwa mlango akiwa anakula."

Nilidhani ananipima akili. Wageni kazini hutaniwa, nami nikacheka ili nionekane nimeelewa.

Alinifundisha kidogo kidogo, wakati wa chai, kila siku kipande. Samaki hana choo cha kwenda, alisema. Analala humo humo anamotolea uchafu, na sehemu kubwa ya uchafu huo hutoka kwenye matamvua yake kama sumu isiyoonekana, amonia, ile inayokuchoma pua kwenye choo cha shimo jua linapokuwa kali. Maji yasipobadilishwa, sumu hiyo inawaua wote kwa siku chache. Lakini juu ya kila jiwe kuna utelezi wa rangi ya chai, na ndani ya utelezi huo mna viumbe wadogo kiasi kwamba elfu nyingi wangekaa juu ya ukucha wako na usingehisi kitu. Hao huichukua amonia, huiunganisha na hewa iliyomo majini, na katika kuiunguza huko bila moto hupata nguvu. Kwa nguvu hiyo hujijengea chakula na miili yao kutokana na hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, ile ile ambayo jani la muhindi huitumia. Jani linahitaji jua. Hawa hawalihitaji, na ukiwatoa juani wanadhoofika. Wanachobakiza ni sumu nyingine, nitriti, na hapo ndipo huingia majirani wao wa aina ya pili, ambao huila hiyo kwa mtindo ule ule na kubakiza kitu kipole kinachopendwa sana na migomba. Ndiyo maana migomba iliyokuwa nyuma ya shimo letu ilikuwa na mikungu ya kuonea fahari.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Nilifundishwa kwamba chakula chote cha dunia kinaanzia kwenye jua: jua kwa jani, jani kwa ng'ombe, ng'ombe kwangu mimi. Nililiamini hilo kama ninavyoamini kwamba Jumatano inafuata Jumanne. Siku nilipoelewa kweli alichokuwa akisema Onyango, nilikwenda nikakaa juu ya kile kifuniko peke yangu, saa nne asubuhi, mgongo ukiota jua. Chini yangu maji yalikuwa yakipita polepole, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayejisemea. Niliwaza kwamba pale nilipokalia kuna maisha mazima ambayo hayajawahi kuuona mchana na hayajui kama upo, nayo yanashiba. Sikuwa na haraka ya kuinuka. Tangu siku hiyo nilikunywa chai yangu hapo, na nikihesabu chai zote nilizonywa juu ya vifuniko viwili, cha Jinja na cha Mbale, nadhani nusu ya uzee wangu nimeipatia hapo.

Onyango alikuwa amesikia kwa mgeni mmoja msomi kwamba chini kabisa ya bahari, ambako mwanga haujawahi kufika, kuna nyufa zinazotoa maji ya moto yenye harufu ya yai viza. Kando ya nyufa hizo kuna konokono na minyoo mirefu na kaa weupe, vijiji kwa vijiji, na wote wanaishi kwa chakula kinachopikwa na viumbe wa aina ya hawa wetu, kutokana na kemikali za mwamba. Alinisimulia kama mtu anayetaja ndugu zake walioko ughaibuni. Yeye aliwaita viumbe wa shimoni wapangaji wangu. Asubuhi hakuniuliza nimeamkaje kabla ya kuuliza wapangaji wameamkaje.

Sasa nafika pale.

Nilikuwa na miezi minne kazini, bado niko kwenye majaribio, Onyango alipopata habari kwamba mama yake amefariki. Alikwenda kwao kuzika, akasema atakaa wiki mbili. Alipokuwa huko, tukaambiwa wageni kutoka makao makuu watatutembelea, na mkuu wa kituo akasema kila mahali pawe safi. Ilikuwa pia wiki ya kuelekea Iddi. Mikono yangu ilikuwa tayari na mwasho wake wa kila mwaka. Niliosha matangi, niliosha sakafu, niliosha ukuta hadi nilipoweza kufika kwa ngazi. Kisha nikainua kile kifuniko.

Mnajua yanavyoonekana. Utelezi, rangi ya chai iliyolala, nyuzi nyuzi. Yote niliyofundishwa nilikuwa nayo kichwani, lakini kichwa kilikuwa kimoja na mikono miwili. Nilijiambia kwamba wageni wakiona hili watauliza nani mwoshaji hapa. Nilijiambia pia kwamba viumbe wazuri namna ile bila shaka wangefurahia nyumba safi. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa aibu kuliko yote, kwamba nilidhani nawafanyia hisani. Nikayatoa mawe, debe kwa debe, nikayaweka kwenye beseni nje, nikayasugua kwa brashi na dawa ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe. Nikayasuuza mara tatu. Nikayaanika juani siku nzima, kisha nikayarudisha yakiwa meupe. Wageni walipofunguliwa lile shimo walisema hawajawahi kuona kituo safi hivi, na mkuu akanipa mkono mbele yao.

Siku ya tatu vifaranga walikuwa wamejazana juu ya maji, midomo wazi. Siku ya nne nilipomshika mmoja na kumfunua shavu, tamvua lilikuwa limevimba na wekundu wake haukuwa wa kawaida. Siku ya tano nilianza kuwatoa kwa kichujio, na kichujio kilikuwa kizito. Tangi la kwanza, la pili, la tatu. Kikundi cha wanawake wa Bugembe kilikuwa kimechimba mabwawa kwa mikono yao, wakisubiri vifaranga hao hao. Walikuja siku waliyopangiwa wakiwa na vyombo vyao, wamevaa kama watu wanaokwenda harusini, nikawaambia warudi msimu ujao. Sikuwaambia kwa nini. Tuliwazika samaki chini ya migomba.

Onyango alirudi akiwa amenyoa kichwa kwa msiba. Alikwenda moja kwa moja shimoni, akatoa jiwe moja, akalinusa, akalirudisha taratibu.

"Umewaosha," alisema. "Na jua pia uliwaonyesha?"

Nilijibu ndiyo. Nilitamani anitukane, lakini hakuwa mtu wa hivyo.

Siku mbili baadaye mkubwa mmoja alikuja kutaka kujua nani ameua samaki. Tulikuwa watatu chumbani pamoja na mkuu wa kituo, ambaye ghafla alikuwa amesahau kabisa ule mkono alionipa. Mkubwa akauliza nani ameosha mawe. Nilifungua kinywa, na naapa nilikifungua. Onyango akawahi kusema kwamba ni yeye, kwamba kabla ya kwenda msibani alimwagiza mwoshaji ayaoshe, na mwoshaji amefuata agizo la fundi wake. Mkubwa akamtazama kama mtu anayetazama kisu butu. Onyango akavuta kitabu cha zamu, akaandika mbele yetu: Mawe yameoshwa kwa agizo la fundi. Onyango. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Nilijiambia nitasema kesho, watu wakipoa.

Tulipobaki wawili alinipeleka kwenye kisima kidogo cha pampu, akavuta kamba. Kwenye kamba kulikuwa na mfuko wa nyavu, wa vitunguu, umejaa mawe yenye utelezi. Ulikuwa ukining'inia humo tangu kituo kifunguliwe, na hakuwa amemwambia mtu. Dawa yangu haikufika huko kwa sababu nilioshea nje. Tuliyachanganya mawe hayo na yale meupe niliyoyasugua, tukawaacha samaki wachache tu kwenye tangi moja, tukawalisha kidogo mno, tukasubiri. Wapangaji hawa hawazaliani kwa pupa. Kila asubuhi nilichota maji kwenye kichupa cha kioo, nikatia matone ya dawa ya kupimia, nikashika kichupa mbele ya karatasi nyeupe. Kijani maana yake sumu ingalipo. Njano maana yake wanakula. Wiki ya kwanza kijani, ya pili kijani, ya tatu kijani kilichochoka. Nilianza kuiota ile njano. Ilikuja wiki ya saba, rangi ya mafuta ya alizeti, na Onyango alikishika kichupa juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Yeye alipewa barua ya onyo. Mimi nilithibitishwa kazini.

Ile kesho yangu haikufika. Wakati huo kituo kilikuwa kimeshapata hadithi yake. Kila mfanyakazi mpya aliambiwa habari za fundi mmoja mjinga aliyeagiza mawe yaoshwe akaua matangi matatu, na mtu akikaribia shimo na brashi aliambiwa asifanye Onyango. Mtu aliyeyajua mawe kuliko sisi sote, jina lake likawa jina la kosa langu. Yeye mwenyewe alilisikia. Alikuwa akitabasamu na kurekebisha miwani. Nami niliposikia wakisema hivyo, nilicheka pamoja nao. Naliandika hapa wazi: nilicheka.

Miaka ikapita, nikajifunza kupima maji, nikajifunza pampu, nikapelekwa Mbale kuanzisha kituo hiki mlichomo. Nilipanga nyumba Nkoma, nikawa nakuja kwa bodaboda na kichupa mfukoni. Shimo lilichimbwa, likajazwa mawe mazuri ya mlimani, mapya, yaliyokufa. Mkuu wa hapa alitaka samaki ndani ya wiki mbili. Nikamwambia bila mbegu tutasubiri hadi watu wachoke, nikarudi Jinja kuomba mawe.

Onyango alikuwa amebakisha miezi michache astaafu. Alijaza mwenyewe nusu pipa, jiwe kwa jiwe, akamimina maji ya tangi juu yake, kwa sababu maji ya bomba la mji yana dawa. Akanipa madumu mawili ya maji hayo hayo na akanitafutia lori la Mkenya mmoja aliyeitwa Mwangi, aliyekuwa akipeleka saruji Mbale. Aliniagiza nisimame kila baada ya saa moja, niyakoroge kwa mkono wapate hewa, na kifuniko kisikazwe. Mwangi alicheka tangu Jinja. Kila tuliposimama aliniuliza kama watoto wameshanyonya.

Mbele ya Iganga tukakuta kizuizi. Afande mmoja mnene alipanda nyuma ya lori, akachungulia pipani.

"Hii nini?"

"Mawe, afande."

"Wewe napeleka wapi?"

"Mbale."

Alinitazama, kisha akawatazama wenzake, na wote wakacheka. "Mbale iko na mlima muzima ya mawe. Wewe natoa mawe Jinja, napeleka Mbale?"

Ukilifikiria, hakukosea. Alikuwa na hakika kwamba ni dhahabu, au tumeficha kitu chini. Akaamuru yateremshwe na kutandazwa kwenye turubai, saa sita na nusu, jua la utosi. Niliyaona yale meupe ya zamani, yamekauka kwenye uwanja wa Jinja, na nikajua siwezi kuyaua mara mbili. Nilivua mtandio wangu wa juu, nikabaki na kitambaa cha ndani, nikautandaza juu ya mawe mbele ya wanaume wote wale, nikaumwagia maji ya dumu. Afande akaniuliza nina kichaa gani. Nikamwambia mawe haya yana roho, na yakikauka yatakufa. Nikamweleza yote, amonia na giza na samaki, nikiwa nimepiga magoti kwenye lami kama mtu anayeuza nyanya.

Alichutama, akaingiza mkono chini ya mtandio, akatoa jiwe. Alilipapasa, akalinusa. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Mama yangu alikuwa nabeba moto namna hii," alisema. "Kwa kigae, kutoka kwa jirani. Nakimbia nayo, isikufe."

Aliwaambia vijana wake wayarudishe pipani haraka, na lile dumu la pili alilimimina mwenyewe. Kabla hatujaondoka aliniuliza nani alinifundisha mambo haya. Nikasema ni Bwana Onyango wa Jinja, fundi mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona. Nilimwambia hilo askari wa barabarani nisiyemjua, na sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote wa kazini. Kuanzia hapo Mwangi hakutania tena. Mawe yaliyofika ndiyo haya mliyo nayo, na kichupa chetu kilikuwa njano siku ya kumi na sita.

Ile hadithi ilifika Mbale pia, imeletwa na waliohamishwa kutoka Jinja. Hapa nilikuwa mkubwa wenu, ningeweza kuikata siku moja. Sikuikata.

Mwaka jana akaja Akinyi. Mnamjua, binti mrefu wa maabara, anayekunja macho akisoma kichupa. Asubuhi yake ya kwanza mmoja wenu, na simlaumu maana hakujua, alimwonyesha shimo na kumwambia asije akafanya Onyango. Akinyi akasema yeye ni Akinyi Onyango. Mkacheka, kwa kuwa akina Onyango ni wengi. Mimi sikucheka safari hiyo. Nilikuwa nimeshayaona macho yale kwa fundi wangu wa Jinja.

Alinifuata mchana. Aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama Onyango wa mawe ni yule aliyekuwa fundi wa pampu Jinja, kwa sababu huyo ni baba yake. Nilisema nilifanya naye kazi. Nikasingizia simu. Jioni yake alimpigia baba yake kule Busia, na siku ya pili akarudi kwangu.

"Amesema nikuulize wewe, Mama."

Nikamwambia tutazungumza. Zilipita wiki, nami nikawa nampisha mbali kwenye korido ya hatua kumi na mbili. Kilichonishinda ni kazi yake mwenyewe. Mnajua kwamba mara moja moja mawe yanaziba, na inabidi kuyasukasuka kidogo kwenye ndoo ya maji ya tangi. Akinyi alikataa kuyagusa. Siku moja aliniletea barua ya kuomba ahamishiwe ofisini, kwenye kupokea wageni. Binti aliyeweza kutaja kila kiumbe wa shimoni kwa jina lake la kitaalamu alitaka kwenda kupanga viti, kwa hofu ya kuwa mtoto wa baba yake. Nikaona nimemla baba, sasa namla na mtoto.

Nilimchukua tukakaa juu ya kifuniko. Ilikuwa asubuhi, ukungu ulikuwa ungali kwenye mlima wa Wanale.

"Ni mimi niliyeyaosha," nilimwambia. "Baba yako hakuniagiza. Alikuwa kwenu anamzika nyanya yako. Alisema ni yeye ili nisifukuzwe, na mimi nikanyamaza."

Maji yaliendelea kupita chini yetu.

"Mama yangu alikuwa anamtania," alisema mwishowe. "Baba akishika sahani tu, anamwambia, wewe wachana na kuosha, tunajua kuosha kwako. Mpaka amekufa, alikuwa anaamini ni ukweli."

Nimefiwa na wazazi na mume, lakini sijui kama nimewahi kuumia hivyo. Nilimwomba msamaha. Akasema msamaha ni wa baba yake, atatoa akipenda. Yeye alichotaka ni niwaambie watu wale wale ninaocheka nao.

Nilimpigia Onyango siku hiyo hiyo. Sauti yake imekuwa nyembamba. Jambo la kwanza aliuliza wapangaji wameamkaje. Nilimweleza, nikamuuliza kwa nini alifanya vile. Akasema alikuwa ameshanifundisha nusu, na wangenifukuza angelazimika kuanza upya na mtu mwingine, na yeye hapendi kurudia maneno. Nikamwambia nitaandika ukweli.

"Andika basi," alisema. "Lakini uandike vizuri namna ya kuwalisha."

Basi hii ndiyo namna. Wapeni hewa, pampu isizimwe hata kwa saa moja. Wapeni giza. Wapeni chokaa kidogo maji yanapokuwa makali kwa asidi. Msiwalishe samaki kwa hasira wala kwa furaha, walisheni kwa kipimo. Mfuko wa nyavu ubaki ukining'inia kwenye kisima cha pampu, na kila mmoja wenu ajue upo, isiwe siri ya mtu mmoja. Mkiwa mnayasukasuka mawe, tumieni maji ya tangi tu. Akinyi atawaonyesha. Ile barua yake aliichana, na wiki iliyopita nilimwona ameinama shimoni, mikono mpaka kwenye viwiko, akiyasukasuka taratibu kama anayepepeta mchele wa wageni.

Jumatatu nilikwenda Jinja. Kitabu kile cha zamu kingali kabatini, ukurasa umekuwa wa manjano na mchwa wameonja pembe. Chini ya mstari wa Onyango niliandika kwamba hakutoa agizo lolote, kwamba mawe niliyaosha mimi, Zaituni, kwa mikono yangu, na kwamba Onyango ndiye aliyeyafufua. Nikatia saini.

Na kwa kuwa najua hamtaacha kuwatisha wageni, nawaomba kitu kimoja tu. Mkimwona mtu anaelekea shimoni na brashi mkononi, mzuieni upesi, na mwambieni asifanye Zaituni.